Kutambua madini ya sarafu ya majaribio kwa mizani, maji na uzi

Sarafu ya majaribio hupigwa kiwandani kabla mchoro haujapitishwa, na baadhi hupigwa kwa madini tofauti na yale ya sarafu za sokoni. Huku Mikindani ukiambiwa unauziwa moja, ipime kwanza. Rangi husema uongo. Uzito ni vigumu kuughushi.

1. Jua sarafu ya kawaida ilikuwa ya nini. Rupia ya Mjerumani, sarafu ya enzi za ukoloni wake, ni fedha, gramu 11.66. Sarafu za heller 20 (heller ilikuwa senti ya rupia hiyo) za Tabora, zilizopigwa vitani mwaka 1916, zipo za shaba njano na za shaba nyekundu, na zote zilitumika madukani. Kwa hiyo wekundu peke yake si ushahidi wa jaribio. Hata alumini isikushtue: Waingereza walitoa senti 1 za alumini kwa Kenya na Uganda mwaka 1907 na 1908.

2. Usisugue. Si mchanga, si ndimu, si ukwaju. Mnunuzi makini huikataa sarafu iliyong'arishwa.

3. Pima. Nenda kwa sonara mwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa kuta wala chini. Itikise kidogo viputo vitoke. Gawanya uzito mkavu kwa namba inayosomeka sasa.

Alumini hutoa 2.7, shaba njano kama 8.5, shaba nyekundu 8.9, fedha 10.5, risasi 11.3, dhahabu 19.3. Rupia halisi ndani ya maji husoma kama 1.13, jibu likawa 10.3, kwa sababu ina shaba kidogo. Ya "dhahabu" ikitoa 8.5, umeonyeshwa shaba iliyopakwa. Shaba hizo mbili zinakaribiana mno, kwa hiyo kwenye sarafu ndogo rudia kipimo mara kadhaa.

4. Tazama ukingo kwa kioo cha kukuzia. Mstari wa muungano au vijishimo ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu, yaani bandia, kwa kuwa halisi hupigwa. Sumaku ikinasa kwenye rupia, iache hapo hapo. Na anayedai rupia yake inavuta mchele, hadithi ya matapeli hiyo, muage kwa adabu.

5. Za Kilwa usinunue. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayogusa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Ukiokota, toa taarifa Idara ya Mambo ya Kale.