Kuweka poti ya siriali ili programu isome mizani ya ghala

Robota la katani ni kilo 250. Likishapandishwa kwenye mizani katika ghala la Tanga, hakuna haja ya karani kunakili uzito kwa kalamu. Mizani nyingi za kidijitali zina tundu la pini 9 kwa nyuma, na kompyuta inaweza kusoma kutoka hapo. Tatizo ni kwamba siriali, yaani njia hiyo ya kutuma data biti moja baada ya nyingine, si kama USB: vifaa viwili havijuani, wala havipatani vyenyewe. Ni wewe unayevipatanisha.

Anza na mizani, si programu. Ingia kwenye menyu yake au fungua kijitabu chake, uandike mambo matano: kasi kwa baudi (biti kwa sekunde), idadi ya biti za data katika kila herufi, pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa), biti za kukomesha (za kufunga kila herufi), na udhibiti wa mtiririko (jinsi vifaa vinavyoruhusiana kutuma). La sita husahaulika sana: je, mizani inatuma uzito mfululizo, au mpaka ibonyezwe kitufe cha kuchapa, au mpaka iulizwe? Watu humaliza asubuhi nzima wakibadilisha baudi ilhali mizani inangoja tu kitufe.

Kisha hakikisha njia. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu la siriali, kwa hiyo utatumia konvata ya USB. Ichomeke, fungua Device Manager (orodha ya vifaa kwenye Windows), utazame imepewa namba gani, mfano COM3. Kwenye Linux huonekana kama /dev/ttyUSB0, na mara nyingi mtumiaji lazima awemo kwenye kundi la dialout, la sivyo atakataliwa. Sasa, kebo ya mizani ikiwa haijaunganishwa, gusanisha pini 2 na 3 za konvata kwa kipande cha waya, fungua PuTTY (programu ya kuandikiana na poti) na uandike chochote. Herufi zikirudi, na ukitoa waya zikaacha kurudi, konvata na namba ya poti ni nzima. Upande wa kompyuta pini 2 hupokea, 3 hutuma, 5 ni waya wa pamoja (ground). Kama konvata ni nzima na mizani inatuma lakini hakuna kinachofika, huenda kebo inahitaji kupishanisha 2 na 3.

Tanga kuna chumvi hewani, na pini huota kutu ya kijani. Zima umeme, zisafishe kwa spiriti, acha zikauke, kisha kaza skrubu zote mbili za plagi. Plagi iliyolegea hutoa kosa linalokuja na kuondoka, na hilo ndilo gumu kuliko yote kulikamata.

Kwa Python yenye pyserial (maktaba yake ya kutumia poti ya siriali), mstari wa kufungua poti ni huu:

serial.Serial('COM3', 9600, bytesize=8, parity='N', stopbits=1, timeout=1)

Usiisahau timeout, yaani kikomo cha kungoja, hapa sekunde moja. Bila hiyo programu itangoja milele siku mizani itakapozimika, na karani ataona skrini imeganda. Kama kebo ina waya tatu tu, udhibiti wa mtiririko wa RTS/CTS (unaotumia waya zake za ziada) uzimwe, kwa sababu programu itasubiri ruhusa kutoka kwenye waya usiokuwepo.

Ukipata takataka tupu, shuku baudi. Lakini ukipata nusu sahihi na nusu takataka, usikimbilie baudi: mara nyingi tatizo ni pariti. Tuseme mizani inatuma biti 7 zenye pariti shufwa, nawe umeweka biti 8 bila pariti. Jumla ya biti ni ileile, kwa hiyo hakuna kosa litakalotangazwa, ila biti ya pariti inahesabiwa kama data. Tarakimu 2 ni 50 katika ASCII (jedwali linaloipa kila herufi namba), yaani 110010, na ina moja tatu. Mizani huongeza ya nne ili zitimie shufwa, na kwa kuwa inakaa mahali pa 128, kompyuta inasoma 50 + 128 = 178, ambayo katika jedwali la herufi la Latin-1 ni ². Tarakimu 5 na 0 tayari zina idadi shufwa ya moja, hivyo hupita salama. Robota la 250 linaonekana ²50. Kwa jumla 0, 3, 5, 6 na 9 hutoka sawa, na 1, 2, 4, 7 na 8 huharibika. Weka bytesize=7 na parity='E', mambo yatanyooka.

Namba zikija sahihi lakini kila usomaji ukichelewa sekunde moja, tazama mwisho wa mstari. Readline, amri ya kusoma mstari, hungoja herufi namba 10 (mstari mpya), na kama mizani humaliza kwa 13 (\r) peke yake, timeout ndiyo inayokata. Tumia read_until(b'\r').

Ukiambiwa poti haifunguki, mara nyingi PuTTY bado iko wazi. Kwenye Windows programu mbili haziwezi kuishika poti moja kwa wakati mmoja. Na konvata ikihamishiwa tundu jingine la USB, Windows inaweza kuipa namba mpya. Tia alama ya rangi kwenye tundu lake, isihamishwe.

Kabla ya kuandika uzito kwenye leja, weka jiwe la mizani la kilo 20 na usome mistari kadhaa. Mizani nyingi hutanguliza ST uzito ukitulia, na US ungali ukicheza. Kama yako ni hivyo, programu ikubali ST peke yake.