Kusimba amri za redio kwa ajili ya rimoti ya pampu
Mkulima wa bustani wa Ujiji, Kigoma, anayevuta maji ya Ziwa Tanganyika, anaweza kuwasha pampu ya umeme akiwa mbali kwa mikrokontrola mbili (kompyuta ndogo za chipu moja), transmita ndogo ya megahezi 433 inayorusha mawimbi na risiva yake inayoyapokea. Kuunganisha nyaya ni kazi nyepesi. Ugumu umo katika usimbaji, yaani kuigeuza amri kuwa mfuatano wa biti, moja na sifuri, unaopita hewani.

Risiva za bei nafuu hujiongezea usikivu pasipo na mawimbi, hivyo hutoa kelele mfululizo, na programu inayosoma biti ghafi inaweza kuiwasha pampu usiku wa manane bila kuamriwa. Kwa hiyo anza kila ujumbe kwa moja na sifuri zinazopokezana, tuseme biti 16, ili risiva itulie. Kisha tuma alama ya mwanzo, namba ya kifaa, amri, na baiti ya uhakiki, yaani namba inayokokotolewa kutokana na ujumbe wenyewe ili risiva ijue kama umefika bila kuharibika. Katika usimbaji wa Manchester kila biti hugawanywa nusu mbili, moja juu na nyingine chini, kwa hiyo hata mfuatano mrefu wa sifuri huendelea kubadilika na risiva haipotezi mwendo. Mikrosekunde 500 kwa kila nusu, yaani biti 1,000 kwa sekunde, zinatosha. Kasi zaidi ya hapo ni mbwembwe tu.

Rudia ujumbe mara nne au tano, na upande wa pampu ukatae wowote ambao uhakiki wake haulingani. Antena iwe waya ulionyooka wa sentimita 17.3. Mwisho, iagize programu izime pampu yenyewe ikiwa amri ya kuendelea haijafika kwa dakika kadhaa, maana pampu inayozunguka bila maji huungua.