Kufunga hamoki ya kambini: pembe kwanza, mikanda pili, vyuma mwisho

Kabla ya kununua chochote, elewa hesabu moja. Mtu wa kilo 80 akilala kwenye hamoki (kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili) ambayo mikanda yake inashuka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa, kila mkanda unabeba kilo 80. Wengi hudhani ni 40 kila upande, lakini hiyo ingekuwa kweli kama mikanda ingening'inia wima. Ukikaza hadi nyuzi 15, kila upande unabeba kilo 155 hivi. Nyuzi 10 ni kilo 230, nyuzi 5 ni karibu 460. Hapo mtu ametulia. Akijitupa ndani kwa kishindo, mzigo unapanda zaidi. Hamoki iliyokazwa hadi ikawa bapa ndiyo inayokata kamba, kupinda vyuma na kung'oa miti michanga, na juu ya hayo inaumiza mabega kwa kuyabana.

Kwa hiyo lenga nyuzi 30. Kupima bila kifaa: nyoosha kidole cha shahada mbele na gumba juu. Shahada ikiwa sawa na ardhi, mstari kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya shahada una takriban nyuzi 30. Mkanda ufuate mstari huo.

Sasa mikanda. Kinachozunguka mti kiwe bapa, upana usiopungua sentimita 2.5, na sentimita 5 kwa miti yenye ganda laini. Kamba nyembamba huzama kwenye ganda na kukata njia za chakula cha mti zilizo chini yake. Mti unaofungwa mahali palepale mara kwa mara hudhoofika. Malighafi iwe poliesta. Nailoni hurefuka, hasa ikilowa, nawe unayelala sentimita 45 juu ya ardhi saa tatu usiku unaweza kuamka mgongo umegusa chini. Polipropilini nayo hurefuka na huharibiwa haraka na jua. Kamba ya plastiki ya dukani inayoitwa manila ina ubaya huohuo, tena ni duara na inateleza, fundo lake halishiki vizuri. Ya katani huoza kwa unyevu bila kuonyesha dalili kwa nje.

Huna duka la vifaa vya kambi karibu? Tafuta mikanda ya kufungia mizigo kwenye magari. Ile iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya ina lebo ya rangi: bluu ni poliesta, kijani ni nailoni, kahawia ni polipropilini. Chukua ya bluu. Herufi LC hufuatwa na uwezo wa kazi kwa daN, na daN 1 ni sawa na kilo 1 hivi. LC 500 inatosha vizuri. Tumia mkanda wenyewe tu na uache kile kikazio cha chuma, kwa sababu ni rahisi mno kukaza nacho kupita kiasi. Kata vipande viwili vya mita 3 na uchome ncha kwa moto zisifumuke. Mwambie fundi wa turubai au viatu akunje sentimita 20 za ncha moja ziwe kitanzi, ashone kwa uzi wa poliesta mraba wenye msalaba katikati. Uzi wa pamba haufai.

Kiungo kati ya mkanda na hamoki kina njia tatu zinazofaa. Ya kwanza ni mikanda yenye vitanzi vingi vilivyoshonwa, pamoja na karabina (pete ya chuma yenye mlango unaojifunga): ni ya haraka, ila marekebisho yako yanategemea umbali kati ya kitanzi na kitanzi. Ya pili ni bizimu la kukazia, linalorekebishwa popote. Mkanda mwembamba au uliolowa unaweza kuteleza humo, kwa hiyo funga fundo la nusu nyuma ya bizimu kila mara. Ya tatu ni kijiti: pinda mkanda uwe kitanzi, kilaze juu ya mkanda unaotoka mtini, kisha pitisha kijiti kigumu chenye unene wa kidole juu ya upande mmoja wa kitanzi, chini ya mkanda huo, na juu ya upande wa pili. Kaza. Kamba ya hamoki ivishwe kwenye fundo lenyewe, nyuma ya kijiti, mzigo ukae kwenye mkanda wala si kwenye ncha za kijiti hicho.

Karabina halali imechorwa nguvu zake kwa kN, na kN 1 ni takriban kilo 100. Tosheka na 12 kN. Za wapanda milima hufika 22 na zaidi. Ile ya kuning'inizia funguo, isiyo na namba, haibebi mtu hata siku moja. Hakikisha mlango wake umejifunga, maana ukiwa wazi nguvu hupungua sana.

Nyuzi za Dyneema, aina ya plastiki inayosukwa kuwa kamba, ni nyepesi na imara ajabu, lakini zinateleza kiasi kwamba fundo la kawaida huachia. Huunganishwa kwa kuingiza ncha ndani ya msuko wake. Usizizungushe mtini, na zikae mbali na moto, kwani huyeyuka kwa nyuzijoto 145 hivi.

Miti iwe hai na yenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi. Mpapai na mgomba usijaribu, ni laini. Chini ya mnazi wenye nazi au makuti makavu usilale, hata kama umbali ni mzuri. Kwenye mkorosho na mwembe kagua sisimizi wa maji moto kwanza. Mkanda ni barabara yao ya kuja kwako.

Kwa hamoki ya mita 3.3, funga kamba ya mgongo ya mita 2.75 kutoka ncha hadi ncha. Inakupa mlegeo uleule kila mahali. Miti ikiwa umbali wa mita 4, funga mikanda mtini mita 1.7 kutoka ardhini; umbali wa mita 4.5, mita 1.9 kutoka ardhini; umbali wa mita 5.5, karibu mita 2.2. Zungusha mkanda mtini, pitisha ncha katika kitanzi chake, vuta. Pachika hamoki, bonyeza kwa mikono miwili, kisha kaa taratibu ukiwa na miguu chini. Kamba ya mgongo ikiwa ngumu kama waya mtupu, umekaza mno: legeza mikanda na uipandishe mtini.

Mvua ikitarajiwa, funga uzi wa pamba kwenye mkanda kabla ya hamoki, uning'inie sentimita 10. Maji yanayotiririka kutoka mtini yatadondokea hapo badala ya kufika kitandani.

Kila ukikunja, pitisha mkanda wote vidoleni. Sehemu iliyokwaruzika manyoya, iliyopauka na kukakamaa, au yenye mshono uliofumuka hata kidogo, mkanda huo hautumiki tena kubeba mtu.