Somo: Kuandika hadithi ya msituni kwa mtindo wa magazeti ya senti 10

Habari zenu wadau. Leo tunashughulika na zile hadithi za msituni zilizojaa kwenye magazeti ya karatasi duni ya Marekani, enzi za The Argosy na The All-Story.

Hatua ya 1: Anza na balaa. Meli imeshazama, risasi zimebaki mbili. Historia ya ukoo wa shujaa itakuja baadaye, au isije kabisa.

Hatua ya 2: Ujue msitu wako. Edgar Rice Burroughs alimtoa Tarzan kwenye The All-Story, Oktoba 1912, bila kuwahi kukanyaga Afrika. Matokeo yake akatuwekea chui milia aitwaye Sabor, mnyama wa Asia! Kitabu kilipotoka 1914, Sabor akawa simba jike. Wewe ukikosea hivyo utajitetea vipi? Kama ni Udzungwa, tuonyeshe mbega wekundu. Na siafu msiwadharau: mhusika aliyelala kwenye njia yao ataamka usiku wa manane akivua suruali mbele ya wakwe, na hapo chui wa nini tena?

Hatua ya 3: Kata sehemu pabaya. Shujaa kashika tawi, tawi linalia, basi, "itaendelea". Ila ukimwokoa kwa kusema alikuwa anaota, mimi siendelei kusoma.

Hatua ya 4: Wenyeji wawe watu. Kwenye hadithi zile Mwafrika alikuwa mpagazi, mla watu au maiti. Hilo msiige. Mpagazi mpe jina, mpe deni analokimbia, na njia aijue yeye.

MASWALI

Swali: Mkuu, mimi ni wa Kariakoo, msitu nauona kwenye TV tu. Niache?
Jibu: Usiache. Burroughs naye alikuwa Chicago. Mtafute askari wa hifadhi, umuulize usiku kunasikika nini na kunanuka nini. Majina ya wanyama utayapata popote.

Swali: Lazima kuwe na hazina iliyofichwa?
Jibu: Si lazima. Mtoto aliyepotea anatosha.

Swali: Naweza kumtumia Tarzan mwenyewe?
Jibu: Hadithi ya 1912 haki yake ilishaisha Marekani, lakini jina ni alama ya biashara ya kampuni aliyoianzisha Burroughs, na bado wanailinda. Buni wako, mkuu.