Somo: Kuunda molekuli ya C60 kwa vipande 20 vya manila

C60 ni molekuli ya atomu 60 za kaboni zilizoungana kama mpira. Tafuta manila 2 za A4, bikari, rula, mkasi, kalamu nyekundu na selotepu; vyote vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule pale River Road, Nairobi. Manila iwe ngumu. Nyepesi hupindika.

1. Fungua bikari sm 3, chora duara, kisha kwa upana uleule tia alama sita kulizunguka. Unga alama kwa rula upate pembesita. Hicho ndicho kiolezo, na vipande vyote 20 vifuate hicho tu. Ukichora kwa kufuata kipande ulichokata punde, kosa la milimita linarithiwa na kukua, na mwishoni kingo hazikutani.

2. Kwenye kila kipande paka ukingo mmoja rangi nyekundu, ruka mmoja, paka unaofuata, hadi zipatikane kingo tatu nyekundu.

3. Nyekundu huungwa na nyekundu. Ukingo usio na rangi hauungwi popote.

4. Unga vipande 5 vizunguke tundu la pande tano; vitajiinua kama bakuli. Visipojiinua, hesabu: huenda umezungusha 6. Kila kipande kimebaki na nyekundu moja inayoelekea nje, basi unga kipande kimoja hapo. Tengeneza nusu nyingine kama hiyo, kisha ziunganishe kwa mishono 10. Selotepu ibandikwe ndani, kidole kinapita matunduni.

Matundu 12 ndiyo pembetano, na pembe 60 ndizo atomu za kaboni. Mishono 30 ni bondi maradufu, yaani viungo viwili kati ya atomu mbili. Kingo 60 za matundu ni bondi za kiungo kimoja. Kwa hili modeli hii inaishinda ya vijiti vinavyofanana vyote. Upana wake ni kama sm 15, molekuli halisi ikiwa nanomita 0.7 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita): tumeikuza mara milioni 200 hivi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, si bondi hizo zina urefu tofauti?*
Naam. Maradufu ni nanomita 0.140, ya kiungo kimoja ni 0.145. Kwa kipimo chetu tofauti ni milimita 1 tu, mkasi hauiheshimu.

*Nikiongeza pembesita, pembetano nazo zitaongezeka?*
Hapana. Kanuni ya mwanahisabati Euler kwa umbo lililofungwa kama mpira: pembe − kingo + nyuso = 2, hapa 60 − 90 + 32. Kwa kuwa kila atomu ina majirani watatu, kila pembesita huchangia sufuri kwenye jumla hiyo, na kila pembetano 1/6. Ili kufika 2 lazima pembetano ziwe 12.

*Basi C70, yenye atomu 70 za kaboni, inawezekana?*
Ndiyo, kwa pembesita 25. Ila kanuni ya nyekundu haitoshi, maana baadhi ya pembesita zake hugusana na wenzake kwa zaidi ya kingo tatu.