Kanuni za maadili za kongamano: anza na anayepokea malalamiko

Ukiomba ruzuku ya kongamano kutoka NSF, wakala wa serikali ya Marekani unaogharamia utafiti wa sayansi, lazima uwe na kanuni zinazokataza unyanyasaji, wa kingono na wa aina nyingine, pamoja na njia ya wazi ya kutoa taarifa. Washiriki wazipate kabla ya kufika, na ziwepo ukumbini. Lakini NSF haitaki uwatumie hati hiyo waikague. Ikiwa imepwaya, utajua siku ya tatizo. Nimekaa kwenye kamati za maandalizi huko miaka kadhaa, na utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Wapokeaji kwanza, maandishi baadaye

Kwenye kongamano moja nililohudhuria, kanuni zilijaa ukurasa mzima, na chini kabisa anwani moja ya barua pepe. Siku ya pili, wakati wa chai, mwanafunzi wa uzamivu kutoka nyumbani alinivuta pembeni, kikombe kikimtetemeka mkononi. Mkubwa mmoja alimfuata usiku hadi mlangoni mwa chumba chake hotelini. "Dada, nilitaka kuandika kwenye ile anwani. Nikauliza nani anaifungua. Ni yeye."

Kwa hiyo teua watu watatu, wanawake na wanaume, na angalau mmoja awe nje ya kamati na nje ya fani yenu kabisa. Katika fani ndogo kila mtu anamjua msimamizi wa mwenzake, na unayemshtaki leo ndiye kesho atakayepitia makala yako. Weka namba ya simu inayopokelewa hata saa nane usiku. Kama mwenyeji ni chuo, zungumza mapema na ofisi yake ya Title IX, sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu.

Hatua ya 2: Taja vitendo

"Tuheshimiane" haimzuii mtu. Andika: kumgusa mtu bila ridhaa, kumfuata baada ya kuambiwa acha, picha za ngono kwenye slaidi, kukejeli lafudhi, hijabu au ulemavu, kumlipizia kisasi aliyetoa taarifa. Sema kanuni zinafika hotelini, kwenye basi na kwenye kundi la WhatsApp. Taja na adhabu: onyo, kunyang'anywa beji, kutoalikwa tena. AGU, jumuiya ya wanasayansi wa dunia na anga, tangu 2017 inahesabu unyanyasaji kuwa ukiukaji wa maadili ya utafiti. Iga hapo.

Hatua ya 3: Nani yuko jukwaani

Juni 2019 Francis Collins, wakati huo mkurugenzi wa NIH, taasisi za serikali ya Marekani za utafiti wa afya, alitangaza kwamba atakataa mialiko ya mikutano isiyowapa wanasayansi wa kila asili nafasi ya haki jukwaani. Masharti ya wafadhili kuhusu uwakilishi hubadilika utawala ukibadilika, basi soma ya mwaka huu. Kinacholeta watu ni mambo madogo: barua za mwaliko zitoke miezi mingi kabla, kwa sababu miadi ya viza ya Marekani huchelewa, na nauli ilipwe kabla ya safari. Mwanafunzi wa Kisumu hana akiba ya kungoja arudishiwe.

Hatua ya 4: Zionekane

Chapa namba ya simu nyuma ya beji. Mwenyekiti aitaje jukwaani asubuhi ya kwanza.

Hatua ya 5: Taarifa ikija

Kaa naye faragha, sikiliza, kisha muulize anataka nini. Andika maneno yake mwenyewe, pamoja na saa na mahali. Usimkutanishe na mtuhumiwa eti wayamalize kiutu uzima. Nimeona hilo likimfunga mtu mdomo kabisa. Uliza kama anahitaji kuhamishwa chumba usiku huohuo. Mwambie saa utakayompigia, na ikifika mpigie, hata kama jibu bado halijapatikana.