Namna ya kufungua baa ya bei nafuu Mwanza, kwa kujifunza kutoka soko la Ireland

Mwaka 2014 kampuni ya J D Wetherspoon ya Uingereza, iliyoanzishwa na Tim Martin mjini London mwaka 1979 na inayojulikana kwa kuuza bia na chakula kwa bei ya chini, ilifungua baa yake ya kwanza katika Jamhuri ya Ireland, iitwayo The Three Tun Tavern, katika kitongoji cha Blackrock karibu na Dublin. Iliingia katika nchi ambayo kila mtaa una baa ya miaka mingi, na mwenye baa anawafahamu wateja wake kwa majina. Mtu anayetaka kufungua baa ya bei nafuu Mwanza, iwe Igoma, Mkuyuni au Pasiansi, anakuta hali inayofanana na hiyo, na ndiyo maana hatua za kampuni ile zinastahili kuchunguzwa kabla hujalipa kodi ya nyumba.

Anza na anayekuuzia, kwa sababu bei ya chini hutengenezwa huko kabla haijaandikwa ukutani. Baa ile ya Blackrock ilifunguliwa bila kuuza Guinness, bia ambayo ni fahari ya Waireland, kwa kuwa kampuni haikukubaliana bei na Diageo, watengenezaji wa bia hiyo. Mwishoni mwa mwaka huohuo ilizuka tofauti nyingine na Heineken kuhusu baa ya pili, The Forty Foot ya Dún Laoghaire, hata Wetherspoon ikaziondoa bia za Heineken katika baa zake zote, za Ireland na za Uingereza. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu ilikuwa na baa zaidi ya 900, na muuzaji yeyote angeumia kumpoteza mteja wa ukubwa huo. Wewe mwenye baa moja huna nguvu hiyo.

Ni kweli kwamba Kampuni ya Bia Tanzania na Kampuni ya Bia ya Serengeti zote zina viwanda Mwanza, hivyo bia haisafiri mbali kukufikia, lakini wakala atakuuzia kreti kwa bei ileile anayomuuzia jirani yako. Fanya hesabu kwa uangalifu. Tuseme, kwa mfano tu, chupa unainunua kwa shilingi 1,700 na baa za jirani wanaiuza kwa 2,000. Ukiiuza kwa 1,900, faida yako kwa kila chupa inashuka kutoka 300 hadi 200, na ili upate faida ambayo jirani anaipata kwa chupa 100, wewe utalazimika kuuza chupa 150, tena kabla ya kuongeza umeme wa friji, mhudumu wa ziada na chupa zitakazovunjika. Ushauri wangu ni kwamba usiingie katika vita vya bei ya chupa ukiwa peke yako. Tafuta wenye baa wawili au watatu wa mitaa mingine mnaoaminiana, mnunue mzigo kwa pamoja na kugawana gharama ya usafiri, na kila mmoja awe na kreti zake tupu za kubadilishia, kwa maana fedha nyingi za mwanzo hufungwa humo. Ukipewa friji na kampuni ya bia, soma masharti yake kwanza ili ujue kama unaruhusiwa kuweka humo vinywaji vya mshindani.

Kuhusu leseni nitasema kwa kifupi. Sajili jina la biashara BRELA, pata namba ya mlipakodi TRA, kisha uombe leseni ya vileo katika halmashauri yako, ukikumbuka kwamba Igoma na Mkuyuni ziko chini ya Jiji la Mwanza ilhali Kirumba na Pasiansi ziko chini ya Manispaa ya Ilemela. Nchini Ireland, tangu sheria ya mwaka 2000, anayetaka kufungua baa mpya hulazimika kununua leseni ya baa iliyopo ili ifutwe, na kwa hiyo leseni yenyewe humlinda aliyekwisha kuingia. Kwetu ulinzi huo haupo. Ukifanikiwa, mwingine atafungua mlango wa pili kutoka kwako ndani ya miezi michache, na jambo litakalobaki kukutofautisha naye ni jinsi unavyoendesha nyumba yako.

Hapo ndipo jiko linapokuwa moyo wa biashara hii. Baa nyingi za Mwanza hukodisha jiko kwa mtu mwingine, mwenye baa akabaki na bia, na mwenye jiko akapanga bei ya nyama na chipsi apendavyo. Ukifanya hivyo umetoa nje sehemu ambayo ungeweza kupunguza bei bila kuumia. Wetherspoon hufungua asubuhi, huuza kifungua kinywa na kahawa, na hutoa chakula mchana kutwa, hivyo kodi ya jengo hulipwa na saa zote za siku wala si na saa chache za usiku peke yake. Kwa Mwanza, shika jiko mwenyewe: asubuhi supu na chapati, mchana ugali kwa sato au dagaa, jioni nyama choma na ndizi. Mpeleke mtu wako soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mapema, anunue samaki kwa mkono wake, kwani bei ya samaki hubadilika kulingana na mzigo ulioshuka siku hiyo. Andika vyakula vichache, visizidi sita, uvitoe kila siku bila kukosa. Mteja anayeambiwa mara mbili kwamba samaki wamekwisha hatauliza mara ya tatu. Saa za asubuhi na mchana ziwe za chakula na vinywaji baridi, na pombe iuzwe katika saa zilizoruhusiwa na leseni tu, kamwe isiuzwe kwa aliye chini ya miaka 18.

Bei iwe moja kutwa nzima na wiki nzima. Sheria ya Ireland ya mwaka 2003 inakataza kushusha bei ya pombe kwa saa chache za siku, kwa hiyo mwenye baa anayetaka kusifika kwa unafuu hana budi kuudumisha. Sisi hatujafungwa na sheria hiyo, lakini nauona utaratibu wake kuwa wa heshima, kwa sababu punguzo la saa chache humhimiza mtu kunywa haraka, na anayefika baada ya muda huo kwisha hujiona ameonewa. Bandika orodha ya bei mahali mteja anapoweza kuisoma akiwa ameketi.

Kwa kawaida baa za Wetherspoon hazipigi muziki. Wazo hilo litawashangaza wengi hapa, lakini lifikirie kwa makini: spika kubwa zinagharimu fedha, umeme na mirabaha, huleta malalamiko ya majirani na maofisa wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, na huwafukuza watu wazima wanaotaka kuzungumza. Weka televisheni kwa ajili ya mechi za Simba na Yanga, sauti ikitosha ukumbi wako tu.

Usipunguze gharama kwa kuwabana wahudumu. Desturi ya kulipa mshahara mdogo na kisha kukata shoti kila hesabu inapopungua huwafanya wahudumu wazuri waondoke na wanaobaki wafidie kwa kumzidishia mteja bili, na mteja akishazidishiwa bili, unafuu uliotangaza unakuwa uongo. Hesabu stoo kila asubuhi mbele ya mhudumu wa kaunta, mwandike wote wawili na kutia saini, ili shoti ikitokea ijulikane ni ya nani na ya siku gani.

Baada ya miezi mitatu, tenganisha mapato ya jiko na ya kaunta katika daftari. Iwapo jiko linalipa kodi ya nyumba na mishahara, unaweza kuanza kushusha bei ya bia kidogo kidogo. Iwapo bado halilipi, iache bei ya bia ilipo na urekebishe jiko kwanza.